Tonge Nyuma ya Redieta

Nilipokuwa na miaka tisa, tukiishi ughaibuni, ghorofa ya nne pale Newtown, tonge la ugali likianguka mezani, taabu ilikuwa yangu. Nyanya alikuja kutoka Kakamega na Biblia moja na imani zake zote. Tonge likianguka, alisema, kuna jirani mwenye njaa, na ukimnyima huyo umemnyima Yesu mwenyewe. Yesu na tonge walikutana wapi, sijui. Nilichojua ni kwamba sahani itafunikwa nami nitatumwa chini kwa ngazi, lifti ikiwa mbovu kama kawaida yake.

Chini aliishi Mama Furaha, Mkongo mwenye mtoto mchanga. Siku moja Nyanya alinisindikiza.

"Aksanti, Mama, tulishakula."

"Sijakuuliza kama mmekula. Tonge limeanguka, chakula hiki si changu tena. Unataka mkosi ubaki kwangu?"

Mama Furaha akapokea, kama anayetusaidia sisi.

Mimi nilichoka. Jumanne moja katuni zilikuwa zinaanza, tonge likaniponyoka. Nyanya alikuwa jikoni. Nikalisukuma kwa mguu nyuma ya redieta, lile bomba la ukutani la kupashia nyumba joto, nikaendelea kula.

Alhamisi nikirudi shule nilimkuta Mama Furaha ameanguka kwenye ngazi, mtoto analia pembeni yake. Nyanya alimnywesha uji kwa kijiko palepale. Tangu Jumatatu hakuwa ametia kitu tumboni.

Jumamosi Nyanya alifagia nyuma ya redieta. Akanionyesha kiganja.

"Hili lilianguka lini?"

"Jumanne, Nyanya."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alikaa kitini na lile tonge kavu mkononi.

"Nilijua hali yake," alisema. "Nikawa nangoja lianguke."

Tangu hapo Nyanya, ambaye mkono wake haukuwahi kutetemeka, aliangusha tonge kila jioni.

Siamini kwamba ugali unajua nani ana njaa. Lakini watu wazima kanisani, wenye Biblia ileile, wakitaka kumpelekea mtu chakula huunda kamati kwanza, nami hukaa kwenye hivyo vikao nikiona aibu ya mguu wangu. Sasa naishi mtaa mwingine, Hodge Hill, na mlango wa pili kuna mzee anayesema kila siku kwamba ameshakula. Jana wali ulinidondoka.

"Mum, you did that on purpose," binti yangu akasema, eti nimefanya makusudi.

"Vaa viatu," nikamwambia.