Namba Zilizoharibika Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kupiga pasi shati lake, mjomba huinama na kuangalia kidude cha joto kimesimama wapi. "Kati ya nukta mbili na tatu," hujisemea, kama anayekariri namba ya simu. Kisha hukizungusha hadi anapotaka, hunyoosha kola na mikono, na akimaliza hukirudisha palepale alipokikuta. Pasi ni ya mama yangu, fundi cherehani anayeshonea sebuleni kwetu. Joto hulipanga kulingana na kitambaa kilicho mezani, na hapendi liguswe. Mjomba ni mdogo wake. Anaishi nasi, chumba cha nyuma, tangu alipopata kazi kwenye kampuni inayotengeneza mashine za dripu.

Kwa muda mrefu sikuelewa anafanya nini huko. Mama akiulizwa hujibu, "Anatengeneza kompyuta," na mjomba hushusha pumzi. Hatengenezi kompyuta. Anaandika kiini cha mfumo, ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote, inayoamua nani atumie prosesa, ule ubongo wa mashine, sasa na nani asubiri. Jioni moja alijaribu kutueleza tukiwa tunakula. Ndani ya prosesa, alisema, kuna sehemu inayokokotoa namba za desimali, nayo ina vyumba vichache vya kuwekea namba ambazo hesabu yake bado haijaisha. Programu zote hutumia vyumba hivyohivyo, kwa zamu. Zamu ikigeuka, kiini huzitoa namba za anayeondoka, huzihifadhi pembeni, na kumrudishia anayeingia zile alizokuwa nazo.

"Na huyo aliyetolewa hajui kama alitolewa?" mama akauliza.

"Hajui. Anaendelea na hesabu yake kana kwamba hakuna kilichotokea."

"Kama wewe unavyosinzia mbele ya televisheni. Ukizinduka unabisha kwamba umeona yote."

Mjomba alicheka, lakini si sana. Siku hizo alikuwa na jambo linalomsumbua.

Mashine ya dripu husukuma dawa polepole kwenye mshipa wa mgonjwa. Hizi zilikuwa za wodi ya watoto wachanga, ambako dawa kuzidi au kupungua kidogo tu si jambo la mzaha. Katika majaribio, moja ilipangiwa isukume mililita mbili na nusu kwa saa. Ghafla kioo chake kikasoma sifuri nukta nne, kikakaa hivyo kidogo, kikarudi. Siku nyingine kikasoma sifuri nukta saba. Siku nyingine hakikukosea kabisa, hata walipokikodolea macho kutwa nzima.

Programu ya hesabu iliandikwa na mwenzake, na ilikaguliwa ikaonekana safi. Macho yote yakamgeukia mjomba. Kama namba inaharibika katikati ya hesabu iliyo sahihi, basi kuna zamu iligeuka na mtu akarudishiwa namba zisizo zake. Alipitia sehemu ya kubadilisha zamu mstari kwa mstari. Aliisoma hata akipiga mswaki. Haikuwa na kosa.

"Nimechanganyikiwa, Dada," alimwambia mama.

"Kula kwanza. Uchanganyikiwe ukiwa umeshiba."

Siku moja alisahau miwani nyumbani, nikampelekea. Nilimkuta katika chumba cha majaribio pamoja na mpimaji, mwanamke mnene mcheshi ambaye kazi yake ni kuzitesa mashine hadi zikiri makosa. Yeye alikuwa na hakika kwamba shida ni dirisha.

"Njoo ujionee, mpwa wa Bwana Kiini," aliniambia. "Hapa mezani haina neno. Sasa tazama."

Akachomoa waya ukutani, akaibeba mashine kifuani kama mtoto na kuitua dirishani. Mashine ilianza kulia, kwanza chini kama mbu, kisha sauti ikapanda taratibu. Akakizima king'ora. Kioo kilisoma sifuri nukta sita.

"Umeona? Linaogopa jua hili dude!"

"Jana kulikuwa na mawingu," mjomba alisema.

"Basi linaogopa na mawingu."

Mjomba alisimama pale akiwa amevaa miwani yake na kushika mfuko mtupu wa miwani, akiangalia dirisha, kisha mashine, kisha tena dirisha. Sijawahi kumwona mtu mzima amepotea namna ile ndani ya chumba anachokijua. Mimi nami nilitazama kioo cha dirisha, nisijue natafuta nini.

Wakatundika pazia zito. Tangu siku hiyo hakuna aliyeipeleka mashine yoyote dirishani, na hakuna iliyokosea. Mkurugenzi alifurahi. Aliamuru mashine zibandikwe onyo, zisiwekwe karibu na dirisha, na zipelekwe hospitali Jumatatu. Alichobakiza ni kumuuliza mjomba kama kiini ni kizima.

"Sijaelewa bado kwa nini zilikosea," mjomba alimjibu.

"Sikukuuliza umeelewa nini. Ndiyo au hapana? Na ukumbuke mkataba wako unaisha mwezi huu."

Mjomba aliomba apewe hadi Ijumaa. Akisema ndiyo, mashine asiyoielewa ingefungwa kwenye mkono wa kichanga. Akisema hapana, hakuwa na sababu ya kutoa.

Alhamisi asubuhi alipiga pasi akili ikiwa mbali. Alinyoosha kola tu, akachukua mfuko wake, akaondoka. Alasiri mama aliweka pasi juu ya blauzi ya hariri ya mteja, na mkono mmoja ukajikunja na kushika rangi ya chai.

Mjomba aliporudi jioni, mama alikuwa anamsubiri na blauzi mkononi.

"Ni nani aliyegusa pasi yangu?"

"Dada, nisamehe. Niligusa kidogo tu. Kola."

"Kola tu! Na mimi ningejuaje kama umepita hapa? Pasi imekaa mahali pake, waya mahali pake, kila kitu kama nilivyokiacha. Kumbe mwenzangu ameshapita na kupandisha joto kwa ajili ya kola yake!"

Mjomba aliitazama pasi. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Kola tu," alisema polepole.

"Unanidhihaki?"

"Hapana, Dada. Endelea kunisema. Endelea tu."

Mama aliitupa blauzi mezani. Mimi sikuelewa chochote hadi kesho yake mjomba alipotueleza. Muda wote ule alikuwa amezikagua programu zinazopokezana zamu. Hakuwa amekikagua kiini chenyewe. Kiini nacho hukatiza hesabu za wengine kwa kazi ndogondogo, kama kupiga king'ora waya unapochomolewa. Kwa kazi hizo hakihifadhi namba za desimali za mtu yeyote, maana kuhifadhi kunakula muda, na kila mwandishi wa kiini anajua kwamba humo ndani desimali haziguswi. Ukilazimika kuzigusa, uhifadhi kwanza za mwenye hesabu, na ukimaliza uzirudishe.

Lakini muuguzi mmoja aliwahi kulalamika kwamba king'ora cha mashine zao za awali kinalia ghafla na kuwashtua watoto. Mjomba aliona huruma, akakiandika upya sauti ianze chini na kupanda taratibu, kutoka sifuri hadi moja, kwa desimali. Namba zote mbovu zilikuwa chini ya moja. Hazikuwa dawa. Ilikuwa sauti ya king'ora iliyoachwa katika vyumba vya mwenye hesabu, kila king'ora kilipomkuta katikati ya kazi. Dirisha lilihusika tu kwa sababu kufika pale lazima waya uchomolewe kwanza.

Ijumaa hiyo alifunga pazia, akaiacha mashine mezani, akawa anachomoa waya na kuurudisha, anachomoa na kuurudisha. Mwishowe kioo kikasoma sifuri nukta tano, gizani.

"Kwa hiyo jua halina kosa?" mpimaji aliuliza. "Na pazia lote hili nililoshona?"

Mkurugenzi aliitwa.

"Nani aliandika king'ora?"

"Mimi."

"Kwa hiyo jibu ni hapana."

"Ni hapana."

Mkurugenzi alilitazama pazia, akatoka. Mashine hazikwenda Jumatatu. King'ora kimerekebishwa, bado kinaanza chini kama mbu, na majaribio yanarudiwa yote tangu mwanzo. Kuhusu mkataba hakuna aliyemwambia neno, naye hajauliza.

Mama alishona mkono mpya wa blauzi. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa sebuleni na kitabu changu wakati mjomba akipiga pasi. Aliinama, akasoma kidude, akanyoosha shati, akakirudisha, kisha akakiangalia mara ya pili. Nilikuwa na swali moja tangu ile siku ya blauzi, na nililimeza mara nyingi kabla ya kulitoa.

"Mjomba, wewe ambaye kila siku unarudisha joto la pasi, kule kwenye king'ora ulisahau vipi?"

Alichomoa waya, akauzungusha kwenye mpini wa pasi.

"Hapa nikisahau, mama yako ananipigia kelele," alisema. "Kule ndani hakuna wa kupiga kelele."