Pipa la Mgongoni

Mama alilinunua pipa lile kwenye mnada wa vitu chakavu vya jeshi, mwaka ambao kiwanda cha nguo kilimpunguza kazini. Miaka hiyo Mwanza kila kitu kilikuwa kinauzwa: makoti ya watu wa nchi za baridi, redio zisizo na betri, hata viwanda vyenyewe. Pipa lilikuwa la chuma, la kijani, bapa kidogo kama kitabu kinene kilicholowa kikavimba. Lilikuwa na mikanda miwili ya kuvaa mabegani na mfuniko wa kubana kwa vibano. Kwenye kitako palikuwa na herufi za kigeni zilizoliwa na kutu. Tulipomuuliza muuzaji lilikuwa la kazi gani, alijibu kwamba ni la jeshi, akaona amemaliza.

Mama alijua jambo moja tu kulihusu: uji ukimiminwa humo alfajiri, hadi saa nne bado unatoa mvuke. Alilisugua kwa majivu, akalichemshia maji mara tatu, tukaanza kuuza uji wa ulezi Mwaloni, kwenye soko la samaki la Kirumba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Nilivaa pipa mgongoni, mama akabeba vikombe na ndoo ya kusuuzia. Nilizipenda asubuhi zile. Jua lilipopanda juu ya mawe, dagaa walioanikwa waling'aa mchangani, ziwa likawa kama limetandikwa shuka jipya, na mgongoni mwangu uji ulicheza taratibu kama mtoto anayegeuka usingizini.

Siku moja alikuja mkulima wa pamba kutoka Kisesa, amefuata dagaa wa kwenda kuuza kwao. Alipokea kikombe, akakipeleka mdomoni, kisha akaliona pipa. Akakishusha.

"Mayu," alimwambia mama kwa upole, kama mtu anayempa mama yake habari mbaya, "sisi kitu hiki tunakivaa kila msimu. Ni bomba la dawa ya pamba. Sasa hili la jeshi, litakuwa la kunyunyizia watu."

Akaumwaga uji chini. Hakuna aliyecheka. Nusu ya watu pale sokoni walikuwa wamekulia kwenye pamba, na wote walijua kitu cha chuma kinachovaliwa mgongoni kina nini ndani. Siku ile tulirudi nyumbani na pipa zito.

Wateja hawakuwa shida kubwa ya mama. Shida ilikuwa kwamba kila mchana wadogo zangu walikuwa wanakomba mabaki ya uji ule. Asubuhi aliwauliza mmoja mmoja kama tumbo linauma. Mdogo wetu wa mwisho, alipoona nafasi ya kukosa shule, akasema linauma sana. Mama akakaa chini.

Tukaanza kuuliza watu. Fundi wa kuchomelea aliligonga akasema ni la gesi. Dereva wa lori alilinusa akasema ni la petroli. Jirani yetu, muuguzi, alisema huenda lilikuwa la kubebea damu ya majeruhi. Kila mtu alichungulia ndani akaiona kazi yake mwenyewe, na kila jibu lilimpunguzia mama usingizi. Alisema mtu akimhakikishia kwamba ni la sumu, atalitupa ziwani, kisha akasema hapana, samaki wana kosa gani.

Mwishowe yule fundi alituelekeza Kiseke, kwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyefuga kuku. Tulikwenda kwa miguu, pipa mgongoni mwangu, watu wakigeuka kututazama. Mzee alikuwa anarekebisha mlango wa banda. Aliponiona nikiingia uani aliacha nyundo, akasimama wima, akanitazama kuanzia mabegani hadi kiunoni.

"Mmechelewa," akasema. "Tumeshakufa njaa huku."

Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akinivua mikanda. Alilipakata pipa. Alieleza kwamba wakati wa vita vya Kagera alikuwa mpishi, na mapipa kama haya ndiyo yaliyopeleka chakula kwa askari waliokuwa mbele, mahali ambapo huwezi kuwasha moto. Ubavu huu umebonyea ili ulale mgongoni. Chuma ni cha tabaka mbili ili joto lisitoke. Akautia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Sumu inataka mdomo mpana wa nini?" akauliza. "Mdomo huu ni wa upawa, mama."

Mama hakutabasamu. Alisema wote waliotangulia nao walikuwa na uhakika. Mzee akamtazama kwa heshima, kisha akaugeuza mfuniko na kuanza kuung'oa mpira wake kwa ncha ya kisu. Mpira ule hatukuwahi kuugusa, mama aliogopa utachanika. Ulipotoka, kwenye mfereji wake palikuwa na uchafu uliogandamana, na ndani ya uchafu kitu kidogo kimejikunja, cheusi, kikavu. Mzee akakiweka kwenye kiganja cha mama.

Lilikuwa ganda la haragwe.

Sisi hatukuwahi kutia maharage humo. Mama alilishika ganda lile muda mrefu, akalifunga kwenye pindo la khanga yake. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kimwachishe kazi nilimsikia akiimba.

Jumamosi mzee alikuja Mwaloni, amevaa shati lililopigwa pasi, akanywa kikombe cha kwanza mbele ya watu, akaomba cha pili. Wachuuzi wa samaki wakasogea. Nyuma yao nilimwona mkulima wa Kisesa, gunia lake la dagaa begani, akisikiliza habari ya wapishi wa vita kana kwamba haimhusu. Alipofika mbele alikichungulia kikombe chake.

"Mayu," akauliza, "kina sukari?"

"Sukari ipo," mama akamjibu, akimwongezea. "Sumu ndiyo imeisha."