Mtu wa Uso Mweupe

Harufu ya gundi ya muhogo iliyochacha hunirudisha kijijini kwetu Kibabi popote nilipo, nami nimezurura pengi. Mama aliipika kubandikia karatasi kwenye ukuta wa udongo, ili baridi ya milimani isipenye.

Siku moja, katika magazeti yaliyofungiwa sabuni sokoni, ikatokea picha ya Kijapani: mwanamume mwenye uso mweupe pe, macho yamekaribia pua, vazi la samawati hafifu, shanga mkononi. Nikacheka.

“Usimucheke,” akasema Koko, mama mzaa mama, aliyezaliwa Ntoto, upande wa msituni. “Huyu mutoto iko mu pori. Bamemupaka pemba.”

Kwao, vijana wa jandoni hupakwa pemba, ule udongo mweupe, na mama zao hawalii mpaka watoke msituni. Machozi ya mama, walisema, huchelewesha kidonda kupona.

Mama alisimama, gundi ikimdondoka vidoleni. Kaka yangu Amani alikuwa amekwenda kuchimba madini upande wa Mpofi. Tangu bunduki zisikike huko, hatukupata habari zake.

“Na wangu?” akauliza.

“Na wako vilevile. Kwa hiyo usilie.”

Mama akambandika yule mtu juu ya kitanda. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alimsalimu: “Umeamuka, mutoto wangu?”

“Mama Amani, ule Mushinwa hasikiake Kiswahili,” Papa alimtania; kwake Mjapani na Mchina walikuwa mamoja.

“Anasikia. Iko na masikio kubwa kushinda yako.”

Mama hakulia, hata Koko alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwona tena yule mtu mjini Goma, katika kitabu cha muuza vitabu vikuukuu. Mimi shule niliiacha mapema, basi muuzaji ndiye aliyenisomea maelezo ya Kifaransa: mtu wa pichani alikuwa mwigizaji wa kabuki, mchezo wa jukwaani wa Wajapani. Picha zao zilichongwa kwenye ubao, zikapakwa rangi, zikachapwa. Mwigizaji mpendwa akifa, walichapa picha yake akiwa na vazi la samawati na shanga, watu wanunue, wamuage.

“Huyu alikuwa ameshakufa, dada,” akasema.

Nilipanda Kibabi nikiwa na maneno hayo kifuani. Nilimkuta Mama akiibandika upya ile picha.

“Mama, nimejua ule muntu njo nani.”

Hakugeuka. “Wewe Furaha, pori gani muntu anakawiaka miaka yote hii? Kamata hiyo pembe ya karatasi, iko inabanduka.”

Nikaishika. Utotoni nilidhani halii kwa sababu anatumaini. Kumbe asubuhi zote zile alikuwa anamuaga Amani, kidogo kidogo, mbele ya uso wa mtu mwingine, kwa kuwa picha ya Amani mwenyewe hatukuwahi kuwa nayo.