Mbuzi Aliyezunguka Miti Miwili

Ninyi vijana mnaosoma maneno haya huku mkisukuma kioo cha simu kwa kidole kimoja, kaeni vizuri kwanza. Enzi zetu mtoto alipewa mbuzi wa kuchunga, wala hakuna mtu aliyemuuliza anajisikiaje.

Kule Walungu, Kongo, kabla vita havijatuleta kambi hii ya Nakivale, Uganda, tulifunga mbuzi kwa kamba za migomba tulizosokota wenyewe juu ya paja, mpaka paja liwake moto. Asubuhi ukungu, miguu ndani ya umande, mkononi kiazi cha jana kilichochomwa majivuni. Kitamu kuliko hizo biskuti zenu zenye harufu ya sabuni. Mbuzi naye kazi yake ilikuwa kuzunguka mti mpaka pua iguse gome, kisha alie kama ameonewa. Mtoto mjinga alimvuta. Mama alipaza sauti kutoka shambani: "Ukimuvuta unamunyonga! Muzungushe, arudilie kule alitokea!" Basi tulihesabu mizunguko, tukairudisha. Hakuna aliyetupa cheti.

Ila mbuzi akizunguka miti miwili, elimu yetu iliishia hapo. Mama alikata kamba, akamtukana mbuzi pamoja na ukoo wake, tukarudi kusokota upya.

Sasa Neema, binti ya binti yangu, anasoma fizikia chuo kikuu, Mbarara. Likizo hii nilimuuliza anasoma nini hasa.

"Koko," akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyoniita, "kuna vitu, ndani yake chembe zimejipanga kama vijiti. Fasi fulani, pale katikati, zinazunguka, zinaacha kama kovu. Unanyoosha, unasukuma, kovu halitoki. Sisi tunachora njia ya kuzunguka lile kovu, tunaangalia kama njia inaweza kufinywa mpaka iishe, ama itakwama."

"Na ikikwama?"

"Tunajua kovu ni la aina gani."

"Halafu munaliponyesha?"

"Hapana, Koko. Tunalielewa."

Nilicheka mpaka kitenge kikafunguka. Watu wazima, wamevaa viatu, wanaelewa kovu!

Mwanangu Bahati, mjomba wa Neema, hakucheka. Ndiye anayemsomesha kwa maharage anayouza soko la Kikagate. "Kwenye ile fizikia harudi," akasema. "Anaingia unesi. Nesi hata humu kambini anapata kazi. Kovu litamulisha nani?"

Nami, nisiwadanganye, nilikuwa upande wake. Neema akainuka. Akaanza kukunja nguo zake polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Ndipo mbuzi akalia nyuma ya nyumba. Ni mbuzi wetu mwenye mimba. Siku hizi hakuna anayesokota kamba, kwa hiyo alifungwa kwenye kijiti kwa waya wa kuokota. Alikuwa amezunguka mti wa avoka, kisha nguzo ya jikoni, na shingo imebanwa. Bahati akakimbia, akafanya vile nilivyomfundisha: akarudisha mzunguko wa avoka, akarudisha wa nguzo. Hesabu sawasawa. Waya ukazidi kuwa mfupi, mbuzi akatoa ulimi. Bahati akapiga panga, waya ukamcheka.

"Mujomba, umeanzia wa kwanza," Neema akasema. "Ungeanzia ule wa mwisho."

"Si nimerudisha yote miwili?"

"Umerudisha, lakini mupango umeuharibu. Sasa tufute kwanza mizunguko yako, halafu ya mbuzi."

"Mimi na mbuzi umetuweka fungu moja?"

"Wewe umemupita, mujomba."

Akamshika mbuzi pembe, akamrudisha kinyumenyume. Akafuta kazi yote ya mjomba wake, kisha akafungua nguzo, mwisho avoka. Waya ukalala chini, mrefu. Mbuzi akakohoa, akaanza kutafuna kandambili ya Bahati.

"Makovu mengine ni vile vile," Neema akasema akihema. "Ukiyapitanisha mawili, hesabu peke yake haitoshi. Lazima ujue lipi lilitangulia."

Ninautamani ule umande, sikatai, na sauti ya mama iliyofika mpaka kilima cha pili. Ninyi mna waya msiojua kuufungua, na migongo iliyopinda kabla ya uzee. Lakini sisi wenye mapaja ya moto tulikata kamba miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini kuuliza kwa nini hesabu inakataa. Aliyeuliza ni huyu mwembamba, ambaye hata sombe, majani ya muhogo tu, anaiunguza.

Jioni niliita nyumba nzima. "Neema anarudi Mbarara, na ni fizikia anarudilia. Bahati, utamubebea begi mpaka kwenye gari. Na mwenye atataja unesi tena humu ndani, atachota maji ya nyumba yote, peke yake, mpaka mutoto amalize masomo."