Chambo cha Gunia la Mchele

Jumamosi iliyopita nilisimama nusu saa nzima kwenye duka la vifaa vya uvuvi kule Stratford, nikiutazama ukuta wa visamaki vya plastiki. Vyekundu, vya kijani, vyenye mikia ya mpira, vingine vina njuga tumboni. Binti yangu ana miaka kumi, anataka kuvua samaki aitwaye bass baharini likizo ikifika, na mimi kwa kiherehere changu nilishamwambia kwamba mama yake, yaani mimi, ni bingwa. Muuzaji, kijana mpole, akaniuliza nitatumia mbinu gani: kuvuta juujuu, katikati, au kuburuza chini. Nikamwambia ngoja nifikirie. Ndugu yangu, mimi kozi ya mabomba niliiacha katikati, na sinki la kwangu linavuja mpaka leo kunikumbusha. Maswali ya kuchagua jibu yalinishinda zamani. Ila pale pale nikaisikia sauti ya bibi: "Vuta. Acha. Vuta. Acha. Mbona unamkimbiza? Mgonjwa hakimbii."

Tulikuwa tunakaa Wembley, ghorofa ya pili, mimi, mama na bibi. Mama alikuwa nesi, tulimjua zaidi kwa viatu vyake mlangoni. Bibi alitoka Pemba, na usichana wake wote alikuwa akimtengenezea baba yake vyambo vya kurambaza, vile vya uongo vinavyoburutwa nyuma ya chombo. Nyumba ilinukia ndimu, bizari, na nguo zinazokaukia kwenye hita. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kumenya vitunguu thomu, halafu kumsindikiza bibi akatazame maji. Maji yenyewe ni ule mfereji wa mashua unaopita Alperton, rangi ya chai iliyosahauliwa. Bahari hakuwa ameigusa tangu ashuke kwenye ndege. Hakulalamika, ila kila tukifika alichovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa. "Haina chumvi." Kama vile kuna siku ingekuwa nayo.

Kwa hiyo mwaka nilipokuwa na miaka kumi na moja, mwalimu wangu alipotangaza mashindano ya watoto pale mferejini, mimi nilisikia zawadi tu. Atakayevua perch mrefu kuliko wote, yule samaki mwenye mistari kama punda milia, atapata nafasi mbili kwenye boti ya kwenda kuvua bass, yeye na mtu mzima wake. Sikuwahi kushinda kitu shuleni. Mbio za yai na kijiko nilimaliza na kijiko. Nikamweleza bibi kwa Kiingereza, maana siku hizo ndicho nilichomjibia. Akashika neno moja, sea, bahari. Akainuka kutafuta mkasi.

Jirani wa chini, Mhindi wa Kisumu, naye alikuwa anamwandaa mjukuu wake. Alikuwa na sanduku la vyambo lenye vyumba vyumba, kila kimoja na siku yake. Alimfungulia bibi pale kwenye ngazi. "Mama, siku ya jua hii dhahabu. Siku ya mawingu hii nyeupe. Wewe iko na nini?"

Bibi akamwonesha. Nyuzi nyeupe alizochomoa kwenye gunia la mchele, kazifunga kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea, na katikati kaviringisha karatasi ya fedha ya biskuti.

"Hii ufagio ya sinki," jirani akasema.

"Sema tu, baba. Siku ile utafagiliwa."

Wiki nzima bafu letu halikuogewa na mtu. Bibi alikaa juu ya kifuniko cha choo, mimi nimepiga magoti, naburuza lile fagio ndani ya maji. "Sisi hatumwoneshi samaki chakula," alisema. "Tunamwonesha mwenzake anaumwa. Hata aliyeshiba atamfuata." Nikivuta haraka napigwa kanga ya bega. Mpaka Ijumaa bega lilikuwa limeiva, na zile nyuzi kweli zilikuwa zinatetema, zinalala, zinatetema tena, kama kitu kinachotafuta pa kufia.

Siku ya mashindano watu wazima hawakuruhusiwa kugusa fimbo ya kuvulia, kusema tu. Mjukuu wa jirani alibadilisha chambo kila jua likijificha, akapata watatu, mmoja mkubwa kweli. Mimi nilivua mfuko wa plastiki na glavu. "Mama," jirani akaita, "hiyo glavu ipimwe." Bibi hakumtazama. Akaniambia niache katikati, niburuze chini ya daraja, ukutani kwenye kivuli. Nikaburuza. Nikaacha. Nikahesabu mpaka tano kama kule bafuni. Uzi ukawa mzito, halafu ukawa na hasira.

Nilipomtoa, bibi akasahau ulimwengu. Alichovya kanga majini, ungedhani mfereji mzima umemwagika, akamfunga samaki, akasoma bismillahi, akamtia kapuni, huyoo, kituo cha basi. Kapuni alishakuja na chumvi na ndimu zake. Na sharti la mashindano lilikuwa samaki apimwe akiwa hai, arudishwe majini. Nikamkimbilia napiga kelele kwamba lazima apimwe.

"Nitampima jikoni."

Nikamvuta yeye na kapu lake hadi kwa msimamizi. Nilikuwa nishaanza kulia. Kanga ikafunguliwa: mdomo wa samaki unafunguka na kufungika. Yule msimamizi, mzungu, akainua kichwa akawaita wazazi wote waje waone, hivi ndivyo samaki anavyobebwa, kwa nguo mbichi, mama huyu anajua. Akapima. Tulimpita mjukuu wa jirani kwa upana wa kucha.

Halafu samaki akarudishwa. Bibi akayatazama yale mawimbi madogo. "Wamemtupa?"

"Wamemtupa, bibi." Nilijibu kwa Kiswahili bila kujua.

Kwenye boti bibi alichovya kidole kabla hata injini haijawaka. Akalamba. "Ndiyo hii." Nahodha alitupa vyambo vya dukani, vikarudi vitupu. Bass alikuja kwenye chambo chetu cha gunia. Huyu tuliruhusiwa kuondoka naye, akapikwa kwa nazi, na jirani akapelekewa sahani na lile fagio limelazwa pembeni kama kachumbari. Alipanda ngazi mwenyewe kurudisha sahani. "Mama," akasema, "nifungie mbili."

Wote wawili wamekwenda. Pale tulipovulia pana maghorofa yenye vibaraza vya vioo, na mchele sasa unakuja kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, hauna uzi wa kuchomoa. Nilimwambia yule kijana wa Stratford asante, nikaenda Rayners Lane, nikazunguka maduka matatu mpaka nikapata gunia moja la kizamani, limetumika kuziba mlango upepo usiingie. Nilivyolikumbatia, mwenye duka alidhani nimefiwa.

Usiku nilijaza bafu. Binti yangu, ambaye nikimwambia njoo ule ananijibu kwa Kiingereza, coming, aliburuza zile nyuzi, akaacha, akaziangalia zinavyotetema.

"Mama," akasema, "huyu anaumwa."