Kitambaa cha Mama na Seva Yangu

Shilingi laki nne na elfu ishirini, nimehesabu mara mbili, nimezimaliza kwa kompyuta kuukuu mbili, na inayowaka ni moja tu.

Kazini naandika programu za watu. Ya kwanza niliigeuza seva, nikaiweka sebuleni kwa mama hapa Bagamoyo, iendeshe tovuti yangu ya bei za samaki mnadani. Nikajitapa mtandaoni kwamba haizimiki asilani. Wasomaji wake walikuwa wawili: mimi kwa simu, na mimi kwa kompyuta ya kazini.

Wiki ya pili ikazima. Niliikuta imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kama redio na friji, na juu yake maua ya plastiki. Joto lilikuwa limeiunguza.

"Shikamoo mama. Nani kaifunika?"

"Marahaba. Mimi, baba. Ilikuwa inahema uchi mbele za watu."

Nikaenda kununua ya pili. Sasa mama anaifumia kitambaa kipana zaidi, kwa mapenzi yote. Enyi mafundi wa mtandaoni mnaojua kila kitu, nishaurini: mama anaambiwaje kwamba kitambaa chake ndicho kilichoiua ya kwanza?