Kovu Nililoliandika Bila Kuliona

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu tatu, ramani ya barabara iliyochanika kwenye mikunjo, na hadithi. Kalamu na ramani vilitoka kwa karani. Hadithi ilitoka kwa Mkuu wa Kitengo, mama mmoja mrefu mzaliwa wa Texas, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Kila mfanyakazi mpya alisimuliwa hadithi hiyo kana kwamba anaapishwa.

Alisema hivi. Katika karne ya kumi na saba, huko Uingereza, tauni iliingia katika kijiji kimoja cha wakulima. Watu wangeweza kukimbia, na baadhi yao walikuwa wameshafunga mizigo. Badala yake walikutana, wakakubaliana kwamba hakuna atakayetoka, ili vijiji jirani vipone. Waliweka jiwe mpakani. Watu wa nje walikuja wakaacha mikate juu ya jiwe lile na kuondoka, kisha wenyeji wakaenda kuichukua. Wengi wao walikufa. Majirani zao walipona.

"Hiyo ndiyo kazi yetu," akamalizia. "Hatuwafungii watu mlango. Tunawafanya waufunge wenyewe."

Mimi sikujua kunyamaza, na mpaka leo sijui. Nikamwuliza, "Na nani aliwapikia wagonjwa? Nani aliwaosha?"

Akavaa miwani yake akanitazama vizuri. "Hilo halikuandikwa."

"Basi hadithi yako ina kasoro."

Nilidhani nimefutwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Akacheka, akanituma mji wa Euless, hapa Texas.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna kompyuta za kubeba mkononi. Sisi mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na fomu za karatasi na miguu. Mimi nilikuwa nesi kutoka Kenya, na cheo changu kiliitwa mfuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza. Maana yake, mtu akiugua unamwuliza alikaa na nani, alikula na nani, alilala chumba kimoja na nani, halafu unawatafuta wote hao mmoja mmoja kabla ugonjwa haujawafikia. Huko Euless nilishughulika na kifua kikuu. Wagonjwa wengi walipakia mizigo uwanja wa ndege, na matibabu yalikuwa ya kumeza dawa mbele ya macho ya nesi, miezi mingi bila kuruka siku. Nilisimama kwenye maegesho ya magari nikiwatazama watu wazima wakimeza vidonge na kunifungulia vinywa nihakikishe. Wengine walinitukana. Nami niliwajibu, kwa sababu hakuna kanuni iliyosema nesi asijibu, halafu kesho yake nilikuwa pale pale na kikombe cha maji.

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa mji wa Lewisville. Ndiko lilikonikuta jambo ninalotaka kuwaeleza.

Kulikuwa na apatimenti za matofali mekundu zilizokaliwa na familia za Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi, watu wa Uvira na Fizi kule mashariki mwa Kongo, pamoja na Wakenya wachache. Karibu wote walifanya kazi katika maghala. Siku moja vijana wawili waliokaa pamoja, makapera wasio na ndugu hata mmoja Marekani, wakatokwa na vipele mwili mzima. Ilikuwa tetekuwanga.

Najua mnacheka. Hapa Texas ulikuwa ugonjwa wa watoto, wiki moja ya kujikuna na kukosa shule. Lakini kwetu sehemu za joto wengi hukua bila kuupata, na ukimshika mtu mzima haumchezei. Huingia mapafuni. Mwanamke mjamzito unaweza kumwua, yeye na mtoto wake. Na una hadi siku ishirini na moja za uatamizi, yaani muda ambao ugonjwa umejificha mwilini na mtu anatembea tu akijiona mzima.

Meneja wa majengo alitaka abandike karatasi za manjano kwenye milango ya wagonjwa na nyingine kubwa getini. Mkuu wangu alikuwa tayari kukubali. Nikamwambia, "Hadithi yako haikuwa na karatasi za manjano. Nipe siku moja." Akanipa.

Jioni hiyo watu walikutana kwenye maegesho, kila familia imesimama mbali na nyingine. Msemaji wao alikuwa Mzee Bahati, mwalimu mstaafu mwenye kovu la tetekuwanga katikati ya paji la uso kama mtu aliyedonwa na kuku. Nilieleza niliyoyajua kuhusu ugonjwa ule. Kijana mmoja akasema afadhali kila mtu ahamie kwa jamaa zake, Houston au kokote.

"Hapana," Mzee Bahati akasema. "Tulikimbiaka vita mara tatu. Mara tatu! Sasa tukimbie vipele? Vraiment, kweli? Mimi sitoke hapa. Na hii karatasi yao ya manjano, wabandike ku mulango ya nyumba yao."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ingawa nilikuwa mtu wa serikali. Palepale tukapanga. Waliokwisha kuugua tetekuwanga wana kinga, hivyo hao ndio watakaotoka kwenda sokoni na kuwahudumia vijana wale. Wasiowahi kuugua watachanjwa na kukaa ndani wiki tatu. Vyakula vitawekwa chumba cha kufulia, juu ya mashine za kukaushia nguo, na kila nyumba itachukua fungu lake kwa zamu. Mashine hizo ndizo zilizokuwa jiwe letu. Mzee Bahati akatangaza mbele ya wote kwamba wale vijana wawili watapikiwa na kuoshwa na nyumba yake.

Kesho yake, Jumatatu, nikaanza kupita mlango kwa mlango na fomu. Safu ya tatu iliuliza: Alishaugua? Safu ya nne: Kovu limeonekana? Tetekuwanga mara nyingi humwachia mtu angalau kovu moja, na utaratibu ulikuwa wazi. Neno la mtu halitoshi. Unaangalia.

Kwa Mzee Bahati nilimkuta yeye na mke wa mwanawe, Furaha, mimba ya miezi saba ikimtangulia. Aliniwekea chai ya tangawizi na maandazi ya moto kabla sijafungua mkoba.

"Na wewe, Furaha? Ulishaugua?"

"Ndiyo, mama. Nilishagonjwaka tangu mutoto."

"Kovu liko wapi?"

Akatazama chini. "Ku mugongo. Chini kabisa."

Mzee Bahati alikuwa ameketi hapo hapo, hatua mbili. Nimelelewa kijijini mimi. Mwanamke hafunuliwi kiuno mbele ya baba mkwe, na mgeni aliyeshika kikombe cha chai hamwambii mwenyeji wake kwamba anadanganya. Ningeweza kumwomba twende chumbani. Ilikuwa hatua sita. Lakini nilikuwa na milango mingine kumi na tisa na andazi mdomoni. Nikaweka alama: Kovu limeonekana. Mchana huohuo Furaha akaingia kwa wagonjwa na sufuria ya uji.

Jumatano nikamkuta chumba cha kufulia, ananyoosha mgongo. Tukaanza kupiga soga. Nikamwambia jinsi mama yangu alivyonifunga mikono kwa kitambaa nisijikune, nikalia usiku kucha.

"Pole, mama," akasema. "Mimi, mapele yangu hayakuniwashaka hata kidogo. Yaliuma tu."

Kila aliyepata tetekuwanga anakumbuka kitu kimoja, nacho ni kuwashwa.

"Furaha. Hujawahi kuugua."

Alikunja shati la mmoja wa wale vijana mara mbili, tatu, kabla ya kunijibu. "Ulitaka niseme nini mbele ya baba mukwe? Ameshasema mbele ya watu wote kwamba nyumba yake itabeba bale batoto. Mama mukwe alishakufa. Nyumba yake ni mimi."

Mjamzito hachanjwi, lakini ilikuwapo sindano moja ya kumsaidia, kinga iliyotengenezwa kwa damu ya watu waliopona. Ilipaswa kudungwa ndani ya siku nne tangu kukutana na mgonjwa. Tulikuwa siku ya tatu. Nikaendesha gari kama mwizi mpaka ofisini.

Mkuu wa Kitengo aliitoa fomu yangu kwenye jalada akaiweka mezani. "Dawa hii ni haba. Hawaitoi kwa mtu mwenye kinga. Kupima damu yake kutachukua siku mbili, na siku mbili hatuna. Na hapa umeandika kovu limeonekana."

"Fomu inasema uongo."

"Uongo wa nani?"

Ningeweza kusema wa Furaha. Hilo nalo lisingekuwa uongo. "Wangu. Sikuliangalia."

Akavua miwani. Alijua nimeomba nafasi ya usimamizi, na barua yake ya kunipendekeza ilikuwa bado hapo mezani, haijatiwa saini. "Ukiandika hivyo, onyo linaingia kwenye faili lako. Na hiyo nafasi usahau."

"Kuna mama anahesabu saa Lewisville. Nipe kalamu."

Nikaandika. Naye, haki yake nimpe, alishika simu kabla wino haujakauka, na alipoambiwa dawa itafika Ijumaa aliwafokea mpaka ikawa Alhamisi asubuhi. Barua ya onyo aliiandika pia, mchana huohuo. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kazi ngumu ilikuwa Lewisville. Furaha alinisihi nisimwambie baba mkwe. Lakini asingeweza kuacha kwenda kwa wagonjwa bila sababu, na asingeweza kupelekwa kudungwa kimyakimya. Nikamwambia Mzee Bahati kosa lilikuwa langu, sikuuliza vizuri. Hakudanganyika. Alisugua lile kovu la usoni.

"Ni mimi nilimufunga mudomo," akasema. Akainuka, akachukua sufuria, na mzee yule ambaye nadhani hakuwahi kusonga ugali maishani mwake akaenda kuwasongea makapera wawili. Waliniambia baadaye kwamba ulikuwa mbichi, na kwamba waliumaliza wote.

Furaha alidungwa. Vipele vilimtoka vichache, homa ikamkaa siku mbili. Mapafu yalibaki salama. Geti halikubandikwa karatasi, hakuna aliyekimbilia Houston, na siku ya ishirini na moja watu walitoka wakacheza hapo hapo kwenye maegesho. Furaha hakuja. Dirishani kwake aliniona, akavuta pazia.

"Uliniharibia jina," ndilo neno la mwisho aliloniambia kabla sijahamishwa.

Nilimalizia kazi upande wa Houston, katika mji uitwao Missouri City, nikiwa mfuatiliaji wa kawaida, bila usimamizi. Nilipostaafu, afisa utumishi alinifungulia faili langu. Akasema kwa huruma kwamba onyo lile ni la zamani, anaweza kuliondoa nikaondoka na faili safi.

"Liache," nikamwambia. Akadhani sijaelewa, akarudia. Nami nikarudia.

Mnaoanza leo mtafundishwa kwamba watu hudanganya kwa sababu wanaogopa serikali au hawajui sayansi. Wapo. Lakini mwogopeni zaidi yule anayedanganya ili apate ruhusa ya kumwosha mgonjwa asiye na mtu. Huyo ndiye hadithi ya Mkuu wangu ilimsahau, na nina hakika kijijini kule walikuwapo wengi wa aina yake. Mkimpata, msimdharau. Wala msimwamini. Mwombeni mwende chumbani.

Lakini zamani zile, wiki chache tu baada ya kuhamia Missouri City, simu ilikuwa imelia. Alikuwa Furaha, na hakunisalimu hata kwa "habari gani."

"Mama, mutoto ameshazaliwa. Banasema ni muzima." Kisha sauti ikapanda, hasira bado iko ndani yake. "Wewe usikubali neno la mutu. Kuja uangalie mwenyewe."

Niliendesha saa nne na zaidi. Mzee Bahati alinifungulia mlango, akatoka nje bila kuambiwa. Furaha akamlaza msichana kitandani, akafungua shuka, akakunja mikono kifuani na kunisubiri. Nikaangalia. Mgongo, makwapa, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Niliangalia polepole, na hakuna aliyenikaribisha chai mpaka nilipomaliza.